Kuchekesha Si Kukosa Akili: Acheni Kuita Lincoln Albamu ya Mzaha

Wacha niseme mapema ndiyo tusisumbuane: Lincoln, albamu ya pili ya They Might Be Giants, si albamu ya vichekesho. Ni albamu ya huzuni. Kwangu mimi ni kati ya albamu za huzuni kali zaidi zilizotoka Marekani miaka ya 1980, na kama watu hawaoni, sababu ni moja tu: wale wasee wawili walioitengeneza walikataa kulia mbele yako.

Kila nikiitaja kwa wale wanaojiita watu wa muziki, jibu ni lile lile. "Ah, wale wa vituko." "Wale wa katuni." "Si hao ni wa watoto?" Halafu hapo hapo wananiwekea msee fulani anayenong'ona juu ya piano kwamba hajalala siku tatu, na hiyo ndiyo wanaita muziki wa kina. Kwani kina kinapimwa na nini? Urefu wa uso?

Hii tabia imenichosha. Mtu akiimba polepole, ni msanii. Mtu akiimba haraka na akakuchekesha, ni mcheshi tu, na hakuna haja ya kuskiza alichosema. Yaani tumeamua uchungu lazima uje umevaa suti nyeusi, na ukija na kofia ya rangi tunaufungia mlango. Leo nataka kubishana na hiyo tabia, na ushahidi wangu ni ngoma 18 ambazo zote pamoja hazifikishi dakika 40.

Kama unasikia hili jina mara ya kwanza, hakuna shida, tulia nikupange.

They Might Be Giants ni watu wawili na wote wanaitwa John. John Flansburgh ndiye wa gitaa. John Linnell ndiye wa akodioni na kinanda. Walijuana wakiwa wadogo katika mji mdogo unaoitwa Lincoln, jimbo la Massachusetts, ndiyo maana albamu ikaitwa hivyo. Wakahamia Brooklyn mwaka wa 1981, na kufikia 1982 walikuwa wameanza kupiga shoo. Bendi ya roki bila mpiga drumu, bila mpiga besi, bila mtu wa tatu yeyote. Drumu zilitoka kwa mashine. Sauti zingine zilikuwa kwenye kanda waliyoirekodi mapema. Wawili wamesimama mbele, kanda inazunguka, kazi inaendelea.

Na kuhusu hiyo akodioni. Wakati huo kwao Marekani ilionekana kama chombo cha kizamani, kitu cha babu kucheza harusini, kwa hivyo kijana kusimama nayo kwenye jukwaa la roki ilikuwa ni kama anakutania. Lakini sisi tunafaa kujua zaidi. Ukiwa umetoka Murang'a ama Nyeri, akodioni si kichekesho hata kidogo. Hiyo ni mwomboko. Hiyo ni guka wako akiwa kijana, amevaa vizuri, anahesabu hatua. Ni chombo kinachopumua: ukikivuta kinavuta hewa, ukikisukuma kinaitoa, na ndani ya hiyo pumzi moja furaha na kilio vinakaa pamoja bila kupigana. Mtu akiniletea akodioni kama ushahidi kwamba Lincoln ni mzaha, najua tu hajaskiza chochote.

Kabla hatujafika kwa albamu yenyewe, kuna hadithi moja ambayo lazima uijue, juu bila hiyo huelewi kwa nini hizi ngoma zimejengwa venye zimejengwa.

Mwanzoni kabisa, mambo yaliwaharibikia wote wawili karibu wakati mmoja. Linnell alivunjika kifundo cha mkono akiendesha baiskeli kazini. Flansburgh akaibiwa vitu kwa nyumba. Sasa utapiga shoo aje, mkono umefungwa na vyombo vimeenda? Wakachukua mashine ya kupokea simu, ile ya kaseti ambayo watu walikuwa wanaweka nyumbani kabla ya simu za mkononi, ya kusema "hatuko, acha ujumbe". Badala ya ujumbe, wakaweka wimbo. Wakatangaza namba gazetini. Ukipiga ile namba ya Brooklyn, mashine inashika na unaskia ngoma. Wakaiita Dial-A-Song.

Fikiria hiyo kitu kidogo. Mtu mmoja kwa wakati mmoja. Laini ikiwa na mtu, wewe ngoja. Hakuna idadi ya watazamaji, hakuna mioyo ya kubonyeza, hakuna mtu anajua umeskiza. Ni wewe peke yako usiku na simu imebanwa kwa sikio, na sauti ya mtu usiyemjua inakuimbia. Na kama haikufurahishi, unakata. Wimbo ulikuwa na sekunde chache za kukushika, na lazima uishe kabla hujachoka. Sisi tunajifanya tumevumbua hiyo shinikizo na video zetu fupi. Hawa walikuwa nayo tangu miaka ya 1980, na mashine ambayo ilikuwa inaharibika kila saa.

Ndiyo maana ngoma za Lincoln ni fupi, na ndiyo maana zinakurushia kitu cha kushangaza mapema. Mcheshi anakurushia mzaha ndiyo ucheke, basi. Hawa wanakurushia mzaha ndiyo usikate simu, juu kuna kitu wanataka kukwambia kabla laini haijakatika.

Albamu ya kwanza ilitoka 1986. Lincoln ikaja 1988, chini ya Bar/None, lebo ndogo ya New Jersey, produsa akiwa Bill Krauss. Si pesa za kampuni kubwa hizo. Angalia hata kava yenyewe: kitu kama madhabahu ya mbao, na juu yake picha za wazee wa familia zao, mababu wa ukweli. Wewe ushaona bendi ya mzaha ikianza na mababu? Jina la mji uliokulea, nyuso za wazee wako. Hao ni watu wanaojiuliza walitoka wapi. Lakini kwa sababu hawakuandika hivyo kwa herufi kubwa, tunapita tu.

Sasa tuingie ndani.

Ngoma ya kwanza ni "Ana Ng". Gitaa linaingia limekatwa vipande, kama mtu anawasha na kuzima stima haraka haraka, na kabla hujakaa vizuri uko ndani. Linnell amewahi kueleza kwamba jina alilipata kwa kitabu cha simu cha New York, kurasa kadhaa za watu wanaoitwa Ng, jina la Kichina lisilo na vokali. Kwetu ni jina rahisi tu, sisi ng' tunaitamka kila siku tukinunua nyama ya ng'ombe. Kwa sikio la Kiswahili linakuja hata na zawadi ingine: linakaa sentensi ambayo mtu ameianza akashindwa kuimaliza. Ana... Ana nini? Ana nani?

Na hiyo ndiyo ngoma yenyewe! Ni mtu anayempenda mwanamke ambaye hawajawahi kuonana, aliye upande mwingine wa dunia. Msee anawaza ile tufe ya dunia inayowekwa mezani: ukiipiga risasi itoboe mpaka nyuma, pale risasi inapotokea ndipo mwenzake alipo. Kuna kumbukumbu ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka wa 1964, lile tamasha la kuonyesha venye siku za usoni zitakuwa tamu na watu wote watakuwa karibu. Na ndani ya hayo yote kuna mtu mmoja ambaye hakuna aliye karibu naye. Ukicheka ile picha ya risasi na tufe, cheka. Ni ya kuchekesha. Lakini sisi ndio kizazi tunaolala na simu kifuani tukingoja mtu wa nchi ingine ajibu. Kama hii ngoma haikugusi, sijui unagusika na nini. Na ilisikika kwelikweli: ilifika namba 11 kwenye chati ya roki ya kisasa ya Billboard, chati ambayo ndiyo ilikuwa imeanzishwa tu mwaka huo.

Songa mpaka "They'll Need a Crane". Biti yake ni nyepesi, ni ya kuimbia ukiosha vyombo. Kisha uskize maneno. Ni watu wawili waliokuwa wanapendana na sasa mapenzi yameisha na hakuna anayejua kutoka. Kreni ya kwenye jina ni ya kuja kubomoa nyumba ambayo mwanaume alimjengea huyo mpenzi. Sisi hapa Nairobi kreni tunaziona kila asubuhi zikijenga maghorofa, hii inakuja kuondoa vifusi. Na ukatili wa wimbo uko hapo hapo kwa utamu wake. Kama ungekuwa wa polepole, ungejiandaa, ungeketi vizuri, ungelia kwa mpangilio. Hapa unaimba kiitikio kwa furaha siku tatu, ya nne unasimama katikati ya jikoni na sufuria mkononi ukijiuliza: ngoja, kwani nilikuwa naimba nini?

Hiyo nguvu huwezi kuipata na piano ya kunong'ona. Huzuni inayojitangaza, unaiwekea ulinzi. Huzuni inayokuja ikicheza, unaifungulia mlango mwenyewe.

"Where Your Eyes Don't Go" ni ya kutisha kabisa, na sijui mtu aliyeiweka kwenye kikapu cha mzaha aliwaza nini. Inasema kuna kitu kimesimama pale macho yako hayafiki, nyuma ya kichwa chako, kinakuiga kila unachofanya bila kujijua, kinakudhihaki, na hutawahi kukiona kwa sababu ukigeuka nacho kinageuka. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawa wamesogeza hatua moja zaidi: kikulacho kimo ndani ya fuvu lako. Mtu yeyote aliyewahi kulala saa tisa usiku akiskia sauti yake mwenyewe ikimwambia yeye si kitu anaelewa hiyo ngoma bila kuelezwa. Na wameiweka kwa melodi tamu, kwa makusudi.

"Lie Still, Little Bottle" ni ya Flansburgh, imekaa kama jazi ya baa usiku sana. Mtu anaongea na chupa, anaibembeleza itulie, na mkono wake unatetemeka. Kwa jukwaa walikuwa wanaipigia mdundo kwa fimbo kubwa, gongo la mti kabisa, linagongwa chini. Watu wanakumbuka lile gongo. Watu wanacheka lile gongo. Hakuna anayekumbuka mkono unaotetemeka. Unaona shida yangu iko wapi?

"Purple Toupee" inamcheka mtu mzima anayekumbuka miaka ya 1960 na kila kitu amekichanganya: majina, matukio, nani alifanya nini. Ila anaongea kwa uhakika kabisa. Mwaka wa 1988 Marekani ilikuwa imejaa watu wa rika hilo wakiambia vijana venye enzi zao kulikuwa na maana. Sisi pia tunao. Kila familia ina mtu wa "enzi zetu", na ukimuuliza maswali mawili hadithi inaanza kuvuja. Hiyo si ngoma ya upuuzi. Ni hoja kuhusu historia, kwamba mtu anaweza kuishi ndani ya tukio kubwa na bado asijue lilikuwa nini.

"Snowball in Hell" ni ya mtu ambaye kazi na pesa vimemshinda, na katikati wanaingiza mazungumzo ya kanda ya kufundisha watu wa mauzo venye hawafai kupoteza muda. Sauti safi, yenye matumaini ya kuuzwa, imewekwa juu ya maisha ya mtu anayezama. Wale wa kukwambia uamke saa kumi usiku ndiyo utajirike, wale wanaojaza ukumbi kwa tikiti za elfu kadhaa, walikuwepo hata wakati huo, kwa kaseti. Hawa wawili hawakuandika insha ya kuwapinga. Waliwaacha waongee tu, wakaweka muziki chini. Ukiskiza huwezi kuwaamini tena.

Halafu albamu inafungwa na "Kiss Me, Son of God". Violini zinaingia, zilizopigwa na kundi linaloitwa The Ordinaires, kila kitu kimetulia kama kanisani. Na anayeimba ni mtu aliyejenga himaya yake juu ya watu aliowanyonya, anajisifia kwa upole, na wale wale aliowanyonya wanampenda. Hakuna kelele, hakuna ngumi hewani. Ni tabasamu tu la mtu ambaye ameshinda na anajua umemsamehe kabla hujaombwa. Sitafafanua zaidi. Unaishi Kenya, umeona mikutano ya hadhara, umeona anayeshuka kwa helikopta na anayempigia makofi hana nauli ya kurudi nyumbani.

Sasa najua mtakachosema. "Chagua vizuri tu wewe. Na 'Cowtown' je? Na 'Shoehorn with Teeth'? Na 'Pencil Rain', ile ya penseli kunyesha kama vita?"

Ni kweli, kuna ngoma humu ndani ambazo ni mchezo, na sitazipa maana kwa nguvu ndiyo nishinde ubishi. Kuna ingine ni mume anayeona mkewe anazidi kumpenda rafiki yake aliyevaa kama Santa. Ni upuuzi mtamu. Lakini niambie, maisha yako wewe ni huzuni kuanzia asubuhi mpaka usiku? Hata matangani mtu hutoa hadithi ya marehemu na watu wanacheka mpaka machozi, kisha machozi yanabadilika kazi. Mchezo ulio ndani ya Lincoln hauondoi huzuni yake. Unaipa nafasi ya kupumua. Albamu ya ngoma 18 zenye uchungu peke yake ingekuwa mahubiri, na mahubiri watu huangalia saa.

Na Kiswahili chetu kinajua hii mbinu muda mrefu. Taarabu imejaa mafumbo. Mama wa Pwani anaweza kukumaliza kabisa kwa maneno ya leso, amekaa zake kimya anakunywa chai, na wewe ndiye utakayeenda nyumbani ukitafuta umekatwa wapi. Hakuna anayesema leso ni mzaha kwa sababu ina maua na rangi. Tunajua kusoma leso. Basi tusome na hii.

Kwa hivyo jina la vituko lilitoka wapi? Jibu lake si gumu. Baada ya Lincoln wakachukuliwa na Elektra, kampuni kubwa, na 1990 ikaja Flood, albamu iliyouza kuliko zote, na "Birdhouse in Your Soul" ikafika namba 6 Uingereza. Halafu kipindi cha katuni cha Tiny Toon Adventures kikachukua ngoma mbili za Flood kikazichorea katuni. Watoto wa Marekani wakawajua hapo. Miaka ikaenda, wakaimba wimbo wa kipindi cha Malcolm in the Middle, ukawapa Grammy 2002. Wakatoa albamu za watoto za ukweli, nzuri kabisa, na moja ikawapa Grammy ya pili 2009. Sina neno na hizo. Kuandikia watoto ni kazi ngumu kuliko kuandikia watu wazima wenye miwani myeusi.

Lakini angalia kilichotokea. Sanduku likajengwa baadaye, halafu watu wakarudi nyuma nalo mpaka 1988 na kuitumbukiza Lincoln ndani. Katuni za 1991 zikawa ushahidi dhidi ya albamu ya miaka mitatu kabla. Hiyo si kuskiza, ni uvivu.

Na kwa nini nimekasirika hivi kuhusu albamu iliyotoka kabla nizaliwe? Ni kwa sababu hilo sanduku ni letu pia.

Juni 2024 vijana wa hii nchi walitoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na walitoka na mabango ya utani. Utani wa wapenzi wa zamani, utani wa kodi ya mkate, utani wa kukosa kazi na kukosa mtu. Kuna wakubwa waliangalia wakasema hao ni watoto wa TikTok, wametafuta picha, watarudi nyumbani kula. Kisha watu wakauawa. Na yule aliyeuawa huenda asubuhi hiyo alikuwa ameandika bango la kuchekesha. Utani haukuwa dalili kwamba hakujua uzito wa jambo. Alijua. Ndiyo maana alihitaji utani, ndiyo miguu ikubali kutembea.

Mimi natengeneza vitu vya kuchekesha ili nile. Niliacha chuo, na kwa kila mkutano wa familia kuna mtu ananiuliza nitaacha mchezo lini nifanye kitu cha maana. Video yangu iliyochekesha watu zaidi ilikuwa kuhusu kukosa kodi ya nyumba, na nilikuwa nimekosa kodi ya nyumba. Hakuna aliyeuliza. Sisemi hivyo ndiyo unihurumie. Nasema kwa sababu najua vile inakaa kuwa upande ule mwingine wa kicheko, na ukijua hilo, Lincoln inasikika tofauti kabisa. Unaskia wasee wawili wasio na mpiga drumu, na lebo ndogo, na mashine ya simu inayoharibika, wakisema mambo mazito kwa njia pekee ambayo ungekubali kuyaskiza.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Usiitafute ngoma moja ukaibandika nyuma ya video. Keti na hizo dakika 40, kuanzia "Ana Ng" mpaka "Kiss Me, Son of God", kwa mpangilio wake, na simu yako ilale kifudifudi. Cheka pale unapotaka kucheka, hakuna anayekukataza.

Ila wakati mwingine rafiki yako yule mcheshi wa kikundi akitoa mzaha kuhusu venye amechoka na maisha, na kila mtu akavunjika mbavu, ngoja kicheko kiishe. Kisha umpigie simu. Umuulize ulikuwa unasema nini.